Brady, Manning na alasiri ya Denver: mchezo wa tano ulikuwa wa nani?

Wanaomtetea Tom Brady huanza na 11–6. Wa Peyton Manning hujibu 3–2. Wote wanasema kweli. Kati ya 2001 na 2016 timu za hawa wawili, makwotabeki yaani waongozaji wa mashambulizi, zilikutana mara 17 katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na ya Brady ikashinda mara 11. Lakini ukitenga mechi za mtoano, zile ambazo anayefungwa anafungasha virago mpaka msimu ujao, walikutana mara 5 na Manning akaondoka na 3. Hapo ndipo ubishi unapowaka: mkubwa ni yupi, aliyeshinda nyingi au aliyeshinda zilizouma?

Ubishi wa jumla jumla hauishi, kwa hiyo naweka mezani mchezo mmoja tu. Ni ule wa tano na wa mwisho kati yao katika mtoano, Januari 24, 2016 mjini Denver: Broncos ya Manning 20, Patriots ya Brady 18. Ndio uliovunja sare ya 2–2, na ndio unaotajwa kwanza na kila anayesema Manning alimweza Brady siku za moto. Kwa macho yangu ndio ushahidi dhaifu kuliko yote mitano.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani, kuna jambo moja la kushika kabla ya yote. Kila timu ina vikosi viwili, cha kushambulia na cha kulinda, na wachezaji wa kikosi kimoja si wale wa kingine. Kwotabeki ndiye bwana wa kikosi cha kushambulia. Anapokea mpira, anaamua pasi iende kwa nani, na lawama zote ni zake. Timu yake ikilinda, yeye yuko pembeni na kofia yake mkononi, anakunywa maji na kutazama picha za mchezo uliopita. Maana yake ni kwamba katika mechi zote 17 Brady na Manning hawakuwahi hata dakika moja kuwa uwanjani pamoja mpira ukichezwa. "Brady dhidi ya Manning" ni maneno ya bango. Uwanjani ilikuwa Brady dhidi ya walinzi wa Manning, halafu Manning dhidi ya walinzi wa Brady.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Una majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifaulu unapewa mengine 4, ukishindwa mpira ni wa mwenzio. Kuufikisha mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na baada yake unapiga teke la nyongeza la pointi 1 au unajaribu mara moja tu kuupenyeza tena kwa pointi 2. Teke la kawaida kati ya milingoti ni pointi 3. Hayo yanatosha.

Manning aliyeingia uwanjani siku ile hakuwa yule wa kwenye mabango. Alikuwa na miaka 39. Shingo ilishamkosesha msimu mzima wa 2011, na sasa mguu nao ulikuwa umemgomea. Novemba 15, 2015, dhidi ya Kansas City, alikamilisha pasi 5 kati ya 20, nyingine 4 zikanaswa na wapinzani, na kocha Gary Kubiak akamtoa nje. Kejeli ya mambo ni kwamba siku hiyo hiyo alikuwa ameivunja rekodi ya Brett Favre ya yadi nyingi za pasi katika historia ya ligi. Alimaliza msimu wa kawaida na tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa. Kwa mtu aliyekuwa ametupa tachidauni 55 miaka miwili tu nyuma, hiyo ilikuwa mashine inayozimika.

Sasa swali ambalo wengi hulipita: kwa nini mchezo ulipigwa Denver na si Foxborough, kwao Patriots? Timu zote mbili zilimaliza na ushindi 12 na vipigo 4. Kilichowapa Broncos haki ya kuwa wenyeji ni kwamba walikuwa wamewafunga Patriots 30–24 usiku wa theluji, Novemba 29, katika muda wa nyongeza. Na kwotabeki wa Denver usiku ule hakuwa Manning. Alikuwa kijana Brock Osweiler, aliyeshika nafasi mzee akiuguza mguu. Siku ya mwisho ya msimu wa kawaida Patriots walikwenda Miami, wakafungwa 20–10. Wangeshinda, safari ya Denver isingekuwapo.

Hili si jambo dogo. Katika mechi zote 5 za mtoano kati ya hawa wawili, mwenyeji ndiye aliyeshinda. Mbili Foxborough, moja Indianapolis, kwao Manning kabla ya kuhamia Denver, na mbili Denver. Ukitaka kuwa mkali unaweza kusema ile 3–2 ni hesabu ya nani alilala kitandani kwake. Sitafika huko, ila mtu akinitajia 3–2 bila kunitajia hili, najua tayari ameamua kabla ya kuhesabu.

Kwetu mchezo ulianza saa 5 usiku imeshapita kidogo. Broncos walitangulia, pasi ya Manning ya yadi 21 kwa Owen Daniels. Kisha Manning akatupa pasi ya pembeni kwa Ronnie Hillman iliyoanguka. Kila mtu alidhani ni pasi iliyokosa mtu tu, ila marudio ya video yakaonyesha mpira ulikwenda nyuma, na mpira wa nyuma ukianguka ni wa atakayeuokota. Patriots wakauchukua yadi 22 kutoka mstari wa Denver, na muda si mrefu Steven Jackson akaingia nao. 7–6.

Sita, si saba, kwa sababu Stephen Gostkowski, mpiga mateke wa Patriots, alipiga teke la nyongeza likatoka nje. Huyu mtu alikuwa amefunga mateke ya namna hiyo 523 mfululizo, hajakosa hata moja tangu 2006. Msimu ule ndio ligi ilikuwa imesogeza teke hilo nyuma, likawa la yadi 33. Hapo hapo mchezoni lilionekana dogo, robo ya kwanza haijaisha, nani anahangaika na pointi 1? Liweke pembeni, tutalirudia.

Robo ya pili Brady akafanya kosa lake kubwa. Von Miller, mlinzi wa Broncos ambaye riziki yake ni kumkimbilia kwotabeki, safari hii alirudi nyuma na kuinasa pasi iliyokuwa ikienda kwa Rob Gronkowski. Mpira ukawa ndani ya yadi 20 za Patriots, na muda si mrefu Manning akampa Daniels tena, yadi 12. 14–6. Kosa hili ni la Brady, sitalipaka rangi. Alimsoma Miller vibaya, na pointi 7 zikatoka hapo. Mpaka mapumziko ilikuwa 17–9.

Baada ya hapo Manning aliongeza nini? Kipindi kizima cha pili Broncos walipata pointi 3. Kuna mchezo mmoja wake unaokumbukwa, aliposhika mpira na kukimbia mwenyewe yadi 12, mguu mbovu na yote. Uwanja mzima ulisimama kama kwa mzee wa ukoo aliyeamka kucheza ngoma. Lakini ukitoa hiyo, kazi yake ilikuwa kukabidhi mpira kwa wakimbiaji, kutupa pasi fupi, na kutoharibu.

Kilichokuwa kikiendelea upande wa pili ndicho kisa chenyewe. Ukuta wa Patriots, wale watano wanaomkinga kwotabeki, ulikuwa umechakaa kwa majeruhi, na Nate Solder, mkingaji wa upande wa kushoto, hakuwapo. Mbele yao walisimama Miller, DeMarcus Ware, Derek Wolfe na Malik Jackson, kikosi cha mwalimu Wade Phillips kilichokuwa kikali kuliko vyote msimu ule. Juu yake ongeza kelele. Uwanja wa Denver ukipiga kelele, mtu wa katikati anayeanzisha mchezo hasikii sauti ya kwotabeki, kwa hiyo timu hutumia ishara. Bryan Stork, wa katikati wa Patriots, alikuwa akitikisa kichwa kabla ya kuurusha mpira nyuma. Ware na wenzake walisema baadaye kwamba waliikariri ile ishara: kichwa kikishuka, hesabu, ondoka. Itazame tena mikanda ukiijua siri hiyo. Macho ya Ware hayako kwa Brady, yako kwenye kofia ya Stork, na mguu wake unaondoka pamoja na mpira, wakati mkingaji wa Patriots bado ameinama akisubiri. Nusu ya sekunde tu, lakini kwotabeki anaishi kwa nusu sekunde hizo.

Brady aliangushwa na mpira mkononi mara 4, 2 na nusu kati ya hizo zikiandikwa kwa jina la Miller. Alipigwa mara 20, na hakuna kwotabeki mwingine aliyepigwa hivyo katika mchezo mmoja msimu ule. Mara 20 maana yake ni kwamba anatupa pasi huku anajua kuna mtu wa kilo zaidi ya 110 anayekuja kumlalia kifuani, anaanguka, anainuka, anapanga mchezo mwingine, anaanguka tena. Alikuwa na miaka 38.

Dakika 6 za mwisho, 20–12, Patriots wamefika yadi 16 za Denver. Jaribio la nne, imebaki yadi 1. Kocha Bill Belichick anakataa teke la pointi 3, Brady anampa Julian Edelman, Edelman anazimwa. Mpira unarudi kwa Manning, Manning hafiki mbali. Brady anarudi, safari hii mpaka yadi 14, jaribio la nne tena, pasi kwa Gronkowski haikamatwi. Nani angesema mchezo bado upo? Manning akapewa mpira tena, na tena Broncos hawakuweza kuumaliza mchezo kwa mkono wake. Wakaurudisha.

Safari ya tatu. Katikati ya uwanja, jaribio la nne na yadi 10. Brady anatupa mbali kwa Gronkowski aliyezungukwa, yadi 40. Majaribio mengine matatu hayafiki mstarini. Jaribio la nne, yadi 4 kutoka mstari, Gronkowski tena, anaruka juu ya watu wawili. Tachidauni. Zimebaki sekunde 12 na ubao unasoma 20–18.

Na hapa lile teke la Gostkowski linarudi kudai. Lingeingia, hapa ungehitaji teke la pointi 1 tu kwenda muda wa nyongeza, na kila mwenye akili angeweka pesa kwa upande uliokuwa umeshika kasi. Badala yake ilibidi kupenyeza pointi 2. Pasi ikaelekezwa kwa Edelman, Aqib Talib wa Denver akaigusa, mwenzake Bradley Roby akainasa. Mchezo ukaisha, Manning akaenda Super Bowl, fainali ya ligi, na 3–2 ikazaliwa.

Sasa takwimu. Manning alikamilisha 17 kati ya 32, yadi 176, tachidauni 2, hakuna iliyonaswa. Brady 27 kati ya 56, yadi 310, tachidauni 1, zilizonaswa 2. Ligi ina kipimo chake cha kwotabeki kilichoanza kutumika 1973, na upeo wake ni 158.3. Kwa kipimo hicho Manning alipata 90.1 na Brady 56.4. Watu wa Manning wakifika hapa huegemea kiti.

Naam, lakini kipimo hicho kinahesabu vitu vinne tu: pasi zilizokamilika, yadi, tachidauni na zilizonaswa, kwa wastani wa kila pasi. Hakijui kwamba mmoja alipigwa mara 20. Hakijui kwamba pasi ya yadi 40 ilikuwa ya jaribio la nne na dakika za mwisho, wala kwamba tachidauni ya pili ya Manning ilianzia mlangoni kwa sababu Miller alishamletea mpira. Yadi 12 alizotakiwa kumalizia zinahesabiwa sawa na angezisafiri yadi 80. Ni kama kumsifu mpishi kwa pilau lililokuja limeiva, limebaki kupakuliwa.

Watu wa Manning wana hoja moja nzito zaidi ya kipimo hicho, na ni haki niitaje. Mtu aliyenaswa pasi 17 msimu ule hakunaswa hata moja siku hiyo. Mzee alijua mkono wake umebakiwa na nini, akacheza ndani ya mipaka yake, akawaachia walinzi wake washinde. Kujizuia huko ni ufundi, na wapo makwotabeki wengi ambao kiburi kingewafanya watupe zile pasi. Nakubali. Lakini kumsifu mtu kwa kutoharibu ni jambo moja, kusema alimshinda mwenzake ni jingine. Aliyemshinda Brady siku ile alikuwa Von Miller, na wiki mbili baadaye, Denver walipowafunga Carolina 24–10 katika Super Bowl ya 50, huyo huyo Miller ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mchezo. Manning alitupa yadi 141 na akavaa pete ya ubingwa.

Kwa hiyo mchezo wa tano namhesabia Brady, kwa shingo upande, kwa sababu ile pasi aliyoinasa Miller bado inanikera.

Ukipima michezo mingine 4 kwa jicho hilo hilo, mambo yanakuwa matamu. Januari 2004, Foxborough, 24–14: Manning alinaswa pasi 4, tatu kati yake na Ty Law wa Patriots peke yake. Hapo hakuna cha kumtetea, mkono wake ndio ulioipoteza, hata kama Brady naye hakuwa wa ajabu na pointi 15 za Patriots zilitoka kwa mateke ya Adam Vinatieri. Januari 2005, theluji, 20–3: Manning alitoka kwenye msimu wa tachidauni 49, rekodi ya wakati ule, na timu yake ikapata teke moja. Corey Dillon alikimbia yadi 144 kwa Patriots, Brady akitupa yadi 144. Mchezo wa Brady, ila si kwa mbali kama ubao unavyosema.

Januari 2007 ndio mchezo ambao ningekuwa wakili wa Manning ningeubeba kila mahali badala ya ule wa Denver. Indianapolis, Colts, timu ya Manning wakati huo, wako nyuma 21–3, na moja ya tachidauni hizo za Patriots ni pasi ya Manning mwenyewe iliyonaswa na Asante Samuel na kurudishwa yadi 39. Mtu mwingine angezama. Manning alirudi kipindi cha pili akaanza kuvunja moja moja. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 17, 34–31, alichukua mpira yadi 80 kutoka mstari na kuupeleka mpaka Joseph Addai akaingia nao, imebaki dakika 1. Safari hii ni Brady aliyenaswa pasi ya mwisho, na Marlin Jackson. 38–34. Manning: yadi 349. (Colts hao ndio waliokuja kumchukua Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, ingawa alipofika 2013 Manning alishahamia Denver.) Na Januari 2014, Denver, 26–16, Manning alitupa yadi 400 bila kunaswa. Siku hiyo alikuwa bora kwa kila namna unayoweza kupima.

Basi jumlisha. Brady: 2004, 2005, 2016. Manning: 2007, 2014. Ile 3–2 imebaki 3–2, imegeuka upande tu.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema pete hazina maana au kwamba Brady alikuwa mhanga. Brady ndiye mtu aliyefaidika na walinzi wake kuliko wengi. Chukua Super Bowl zake mbili zilizofuatana. Februari 2018, dhidi ya Philadelphia, alitupa yadi 505, tachidauni 3, hakunaswa hata moja, na akafungwa 41–33. Februari 2019, dhidi ya Rams, hakutupa tachidauni hata moja, alinaswa mara 1, na akashinda 13–3. Anayehesabu pete anasema alikuwa bora mwaka wa pili. Rekodi yake ya mtoano ni ushindi 35 na vipigo 13, ya Manning ni 14 na 13, na pengo hilo halifutiki kwa hoja yangu yoyote. Manning alitolewa mechi ya kwanza ya mtoano mara 9. Ninachokataa ni mtu kuushika mchezo mmoja kwa matokeo yake na kuuita ushahidi juu ya mkono wa kwotabeki, wakati picha zinaonyesha mkono huo ukitupa pasi mwili ukiwa unaelekea chini.

Na kama hunisadiki mimi, watazame Patriots wenyewe walifanya nini baada ya kurudi nyumbani. Mtu wa miaka 38 alikuwa ametoka kukamilisha chini ya nusu ya pasi zake katika mchezo mkubwa kuliko yote ya msimu wao. Hawakumgusa. Ndani ya siku chache walimwondoa kocha wa ukuta, na Februari wakamwita Dante Scarnecchia, aliyekuwa amestaafu tangu msimu wa 2013, arudi kuwafundisha wale watano wa mbele kusimama.